Leta ikiokoa kampani ya magari, iokoe kazi kwanza

Zamani mutu wa ku mugoti hakuwa na habari na magari ya Wazungu. Alitaka tu basi ya kazi ifike saa yake, basi. Leo hata mama anayeuza mboga mu kambi anajua kama cobalt yetu inaingia mu batri ya gari ya umeme. Na mukuba vilevile: gari moja ya umeme inabeba karibu kilo 80 za mukuba, lakini gari ya mafuta inabeba kilo 20 na kitu tu. Kwa hiyo kiwanda cha magari kikifungwa kule Marekani ao Ulaya, huku kwetu bukari inapungua ku sahani ya mutoto.

Njo maana swali hili ni letu pia, wandugu: kampani kubwa ya magari ikitaka kufa, ni haki leta itoe makuta ya watu wote ili kuiokoa? Wengine wanasema hapana, aliyekosa alipe kosa lake. Wengine wanasema ndiyo, kwa sababu nyuma ya patron mmoja kuna nyumba elfu na elfu zinazotafuta kula. Sisi tunasema ndiyo, lakini kwa masharti yaliyoandikwa. Bila masharti, ni zawadi kwa tajiri inayolipwa na maskini.

Tuangalie kwanza mambo ya Detroit, muji wa magari kule Marekani. Mwezi wa Novemba 2008, wakubwa watatu wa General Motors, Chrysler na Ford walikwenda Washington kuomba msaada. Kila mmoja alifika na ndege yake ya peke. Wabunge waliwauliza: mnaomba makuta na mkono mmoja, na mkono mwingine unashika ndege? Wakarudia Desemba, mara hii kwa magari. Baraza la Senate halikukubali. Lakini tarehe 19 Desemba 2008 Rais Bush aliwapa General Motors na Chrysler mkopo wa dola miliare 17,4. Ford haikuuchukua, ilikuwa imekopa makuta mengi ku benki tangu 2006, ikaweka hata alama yake ya buluu kuwa rehani.

Halafu Obama akaingia. Yeye hakutoa tu. Mwezi wa Machi 2009 alikataa mipango ya kampani zote mbili, na mkubwa wa General Motors, Rick Wagoner, akaambiwa aache kiti. Chrysler ilitangaza kufilisika tarehe 30 Aprili, General Motors tarehe 1 Juni. Wale waliokuwa na hisa za General Motors ya zamani walipoteza zote. Kampani mpya ikazaliwa: serikali ya Marekani ikawa na hisa karibu 61 kwa mia, Canada karibu 12, mfuko wa matibabu wa wafanyakazi waliostaafu 17,5, na wenye kudai wakapata 10.

Kwa jumla Marekani iliweka karibu dola miliare 80 mu kazi hiyo ya magari, pamoja na kampani ya kukopesha wanunuzi. Mwisho wa yote, ilipoteza karibu miliare 9. Je, ilikuwa hasara? Tuhesabu sawa watu wa nyumba, si sawa watu wa benki. Kama General Motors ingekufa siku moja, wanaotengeneza viti, vioo, matairi na vyuma wangekufa nayo, kwa sababu ilikuwa na deni kwao. Hata Ford, ambayo haikuchukua mkopo ule, ilikwenda kuwatetea wenzake, maana wote walinunua vyombo kwa watu walewale. Mutu asiye na kazi halipi kodi, anaomba msaada, nyumba yake inachukuliwa na benki. Hiyo nayo leta inailipa, lakini haiandikwi mu kitabu kimoja.

Kwa upande huo sisi tunakubali: kuokoa kulikuwa bora kuliko kuacha. Lakini tuulize nani alilipa deni lingine, lile lisiloandikwa mu hesabu za serikali. Ni kijana aliyeingia kazini nyuma. Mzee wa kiwanda alipata karibu dola 28 kwa saa, kijana mpya karibu 14, na wote wawili wanafunga vis ileile ku gari ileile. Mpango huo ulianza mu mapatano ya 2007, na uokoaji wa 2009 ukaukaza zaidi. Ilibidi kungoja mpaka mgomo mkubwa wa 2023, ambao ulidumu karibu wiki sita, ili kijana apate kufika ku mshahara wa juu baada ya miaka 3, si 8 tena.

Msomaji wa Kolwezi hahitaji tumueleze zaidi. Anayajua mambo ya sous-traitance. Watu wawili wanashuka mu shimo moja, wanavaa kofia moja, wanavuta vumbi moja. Mmoja ana karatasi ya kampani kubwa na hospitali ya watoto. Mwingine ana mkataba wa miezi mitatu, na mshahara unapita kwanza mu mikono ya mutu wa katikati. Kule Detroit waliita jambo hilo kuokoa kampani. Huku wanaliita kupunguza matumizi. Ku sahani ni jambo moja.

Twende Ufaransa, ambako somo ni lingine. Mwezi wa Februari 2009 Rais Sarkozy aliwakopesha Renault na Peugeot-Citroën euro miliare 6, kila mmoja 3. Sharti lilikuwa: msifunge kiwanda mu Ufaransa wakati deni lingali. Ni sharti zuri, sivyo? Lakini angalieni maneno ya mwisho: wakati deni lingali. Mkopo ulilipwa 2011. Mwezi wa Julai 2012 Peugeot-Citroën ikatangaza kwamba itafunga kiwanda cha Aulnay, karibu na Paris, chenye wafanyakazi karibu 3.000. Gari la mwisho lilitoka pale Oktoba 2013. Ahadi ilikufa siku deni lilipokufa.

Mwaka wa 2014 kampani hiyohiyo ilikuwa tena mu shida. Mara hii serikali haikukopesha. Ilinunua hisa 14 kwa mia kwa euro milioni 800, ikakaa ku meza ya wakubwa. Mwaka wa 2017 ilizikabidhi hisa hizo kwa benki ya serikali kwa euro miliare 1 na milioni 920. Makuta ya watu yalirudi zaidi ya mara mbili. Basi mkopo unatoa ahadi, na ahadi ina mwisho. Hisa inatoa kiti, na mwenye kiti anasikia maneno mbele ya mfanyakazi kuyasoma ku mlango.

Tusifiche upande wa pili. Wanaokataa kuokoa wana sababu, na sababu yao iko Uingereza. Mwaka wa 2000 BMW iliuza kampani ya Rover kwa kikundi cha wafanyabiashara kwa paundi 10 tu. Wafanyakazi wa Longbridge, karibu na Birmingham, walishangilia, walifikiri wamepona. Mwaka wa 2005 kampani ilianguka na watu karibu 6.000 walikosa kazi. Serikali ilitoa mkopo mdogo tu wa kulipa mishahara ya wiki moja, halafu ikasimama. Uchunguzi uliotoka 2009 ulionyesha kwamba wakubwa watano walijipatia paundi milioni 42 mu mishahara na pensheni, wakati kampani inakauka. Serikali ingemwaga makuta mu mfuko ule, yangekwenda wapi? Mfuko uliotoboka haujazwi, unashonwa kwanza.

Sasa turudi nyumbani. Siku zilezile wakubwa wa Detroit walipokuwa njiani kwenda Washington, sisi huku Katanga tulikuwa tunalia. Katikati ya 2008 tani moja ya mukuba ilipita dola 8.000. Desemba ilikuwa chini ya 3.000. Watu hawakununua tena magari wala nyumba, viwanda havikutaka tena nyaya. Makampani yakazima mashine, wageni wengine wakapanda ndege usiku, madepo yakakataa kupokea mifuko ya bacreuseurs. Mamia ya maelfu ya watu walikosa kazi mu jimbo lote. Nani alikwenda kuwaombea mahali? Hakuna aliyepanda ndege wala gari kwa ajili yao.

Mama mmoja wa kambi alituambia neno ambalo hatujasahau: « Tata, bale banakosa, banapewa makuta. Siye tunatumika muzuri, banatufukuza. Ile ni sheria ya wapi? »

Hatukuwa na jibu siku ile. Leo tunaweza kusema hivi: mfanyakazi wa Detroit aliokolewa kwa sababu ana kura, ana sendika yenye nguvu, na serikali yake ina mfuko. Sisi tuna mukuba, lakini mukuba peke yake haupigi kura. Bei ilipopanda tena 2009, haikuwa kwa huruma ya mutu. Ilikuwa zaidi kwa sababu China ilinunua mukuba mwingi. Na walioitwa tena kazini walikuta mikataba imebadilika. Mwaka wa 2019 tuliona tena: cobalt ilianguka kutoka karibu dola 95.000 kwa tani mwanzo wa 2018 mpaka chini ya 30.000, na mwisho wa mwaka mgodi mkubwa wa Mutanda ukasimamishwa. Kila mara kilio ni kipya, mfuko ni uleule wa wazi.

Kuna watakaotuambia: « Muache maneno ya leta, leta yetu ilikuwa na Gécamines mzima na iliifanya nini? » Ni kweli, na tusilikimbie neno hilo. Mwaka wa 1986 Gécamines ilitoa tani zaidi ya 470.000 za mukuba. Mwanzo wa miaka ya 2000 ilikuwa chini ya 30.000. Leta ilikuwa patron wa peke yake, lakini ilikamua ng'ombe bila kumpa majani. Na 2003 ilipofika saa ya kuokoa, nani aliokolewa? Benki ya Dunia ilitoa makuta, na wafanyakazi zaidi ya 10.000 walisaini 'départ volontaire'. Volontaire gani, wakati mutu amekaa miezi mingi bila mshahara na watoto wamefukuzwa ku masomo? Batata wengi walikula makuta yale mu mwaka mmoja, na baada ya hapo walibaki na karatasi. Kampani iliokolewa kwa kutoa watu ndani yake.

Kwa hiyo hatuamini kwamba leta ikishika kampani, kila kitu kinapona. Tunaamini masharti, na macho ya kuyalinda. Tunayasema manne.

La kwanza: mwenye mali apoteze mbele ya mfanyakazi. Kama wenye hisa wanabaki na mali yao na mtu wa mashine ndiye anayekatwa, huo si wokovu.

La pili: leta ikitoa makuta, ipate hisa na kiti, si ahadi tu. Aulnay inatosha kuwa somo.

La tatu: vitabu vya hesabu vifunguliwe, na sendika ivisome. Kama wa Longbridge wangeona mapema, wangepiga kelele mapema.

La ine: kazi moja, mshahara mmoja. Kampani inayosimama tena juu ya mgongo wa vijana wa nusu mshahara haijapona, imehamisha ugonjwa tu.

Na kwa viongozi wetu wa Kinshasa, Lubumbashi na Kolwezi tunaongeza neno moja. Sheria ya mines ya 2018 imesema kwamba sehemu 10 kwa mia ya redevance iende mu mfuko wa vizazi vijavyo. Ni jambo zuri. Lakini mutoto wa kizazi kijacho anakaa leo mu nyumba ya tata aliyesimamishwa. Tunaomba uwepo mfuko mwingine, wa makampani na leta pamoja, unaojazwa wakati bei iko juu na kufunguliwa wakati bei imeanguka: kulipa mshahara wa nusu, dawa, na masomo ya watoto, kwa miezi ile ambayo mugoti umelala. Na mutu wa sous-traitance aandikwe ndani sawa na mwingine. Mnajua wenyewe kama bei itaanguka tena. Haijawahi kukosa.

Mataifa makubwa yataendelea kuokoa magari yao, na hatuwakatazi. Kila gari wanayookoa ina mukuba wetu ndani. Tunasema tu kwamba anayeokoa gari akumbuke mkono uliochimba waya wake, na kama yeye hakumbuki, basi sisi wenyewe tuuwekee mkono huo akiba wakati bado kuna makuta.