Mashindano Mengi, Farasi Wachache

Tarehe 10 Septemba 2025 mbio za farasi Uingereza ziligoma. Mashindano ya Carlisle, Uttoxeter, Lingfield na Kempton yaliahirishwa, na watu wa farasi wakaenda Westminster kupinga mpango wa kupandisha kodi ya kubeti. Niliwaunga mkono kwa moyo wote. Bajeti ya Novemba ilipotoka, kodi ya kubeti mbio za farasi ikabaki asilimia 15. Basi tumeshinda. Sasa niwaulize wakubwa wa mchezo huu: mbona hakuna aliyewahi kuigomea ratiba?

Kikulacho ki nguoni mwako. Uingereza ina viwanja 59 vya mbio, na kwa mwaka huandaliwa mashindano zaidi ya 1,400. Gawa kwa siku 365 utapata karibu manne kila siku, na kila moja lina mbio sita, saba au zaidi. Farasi wa kuzijaza wako wapi? Nenda Wolverhampton usiku wa Jumatatu, katikati ya baridi. Taa zinamulika, mchanga uliochanganywa na nta umesawazishwa vizuri, jukwaani watu wanahesabika. Geti linafunguka, wanachomoka farasi sita, na wengine kati yao wamekwisha kukutana hapohapo majuzi. Mmoja anavuka mstari. Anayemshangilia ni mtunza farasi aliyemleta. Nusu saa baadaye wanatoka wengine sita.

Mbio hizi zinakimbiwa kwa ajili ya skrini. Duka la kubeti linataka picha kila baada ya dakika chache, na uwanja unalipwa kwa picha hizo hata jukwaa likiwa tupu. Mwenye uwanja atapunguza siku kwa faida ya nani? Fedha za matangazo zinapita kwenye mikataba ya siri, na mwenye farasi hajui uwanja umevuna kiasi gani mgongoni mwa farasi wake. Anachokiona ni zawadi, na zawadi ya kushinda mbio ya daraja la chini huisha kabla hajamaliza kulipa bili ya mkufunzi ya mwezi wa pili. Huu ni unyonyaji, na nitauita hivyo hadi hesabu ziwekwe hadharani.

Matokeo yake yako Newmarket kila vuli, kwenye mnada wa Tattersalls. Farasi wazuri, wale ambao mwakani wangezipamba Jumamosi zetu, wananunuliwa na kupelekwa Ghuba na Australia. Saudi Cup peke yake ina zawadi za dola milioni 20. Siwalaumu wanunuzi, na muuzaji mwenye madeni simlaumu kabisa. Wapo nyota waliobaki: farasi Frankel alikimbia mara 14 kati ya 2010 na 2012, zote Uingereza, akashinda zote. Lakini mwenye Frankel alikuwa Mwanamfalme Khalid Abdullah wa Saudia, mtu asiyehitaji kuuza. Mchezo unaotegemea ukarimu wa matajiri wachache ili ubaki na nyota wake umekwisha kujiuza.

Watazamaji nao wameona. Tamasha la Cheltenham lilivuta watu zaidi ya 280,000 mwaka 2022. Mwaka 2025 hawakufika 219,000. Epsom, penye Derby iliyoanza mwaka 1780, waliolipa kiingilio siku ya mbio hiyo mwaka 2025 walikuwa kama 22,000 tu. Bei za bia na malazi zimechangia, sikatai, na ukaguzi wa kipato ambao kampuni za kubeti huwafanyia wateja umewakera wabetaji wengi wasio na tatizo lolote. Lakini mtu aliyeonyeshwa mbio hafifu mwaka mzima atapataje hamu ya kuja siku ile kubwa? Humjui farasi, humjui mpinzani wake, huna cha kubishana na mwenzako baa. Upenzi haujengwi hivyo.

Nawaambia BHA, nyinyi mnaosimamia mchezo huu: futeni mashindano 300 kwenye ratiba ijayo. Kila uwanja utangaze mapato yake ya matangazo, mbio kwa mbio, na fungu linaloeleweka liende kwenye zawadi na mishahara ya watunza farasi wanaoamka alfajiri kwenye barafu. Wenye viwanja watapiga kelele. Waacheni wapige.