Saa ya Meli na Saa ya Mnyama

Katika utalii wa baharini imeenea desturi moja ambayo yafaa izingatiwe na kila mwalimu na mwanafunzi wa elimu ya viumbe. Meli kubwa ya watalii hutia nanga asubuhi. Abiria, aghalabu wazazi pamoja na watoto wao, huteremshwa pwani kwa saa chache na kupelekwa mahali ambapo wataogelea pamoja na wanyama wa bahari, kama vile pomboo, taa au kasa. Jioni meli hung'oa nanga. Watoto hurudi na furaha kubwa, na picha, na imani kwamba wamepata rafiki baharini.

Makala haya hayakusudii kuwanyima watoto furaha hiyo. Yanakusudia kuuliza swali ambalo sayansi ya tabia za wanyama imeshapata njia ya kulijibu: mnyama yule, anapokutwa mahali palepale na kwa saa ileile iliyoandikwa katika ratiba ya meli, ameletwa na nini? Rai yangu ni kwamba kila mnyama ana saa yake: saa ya kula, saa ya kupumzika, saa ya kunyonyesha na saa ya kusafiri. Ziara inayoifuata saa hiyo ni njema, na inafaa kuhimizwa. Ziara inayomlazimisha mnyama aifuate saa ya meli ina gharama, na mlipaji wa gharama hiyo ndiye yule tunayemwita rafiki.

Taa wa Grand Cayman

Mfano uliochunguzwa vizuri ni ule wa kisiwa cha Grand Cayman, katika Bahari ya Karibi. Kwa miaka mingi wavuvi wa kisiwa hicho walikuwa na desturi ya kusimamisha vyombo vyao katika maji matulivu ya North Sound, nyuma ya mwamba wa matumbawe, ili wasafishe samaki wao kabla ya kurudi nyumbani. Mabaki walitupa majini. Taa walijifunza kukusanyika hapo. Katikati ya miaka ya 1980 wapiga mbizi walianza kuwalisha kwa mikono, na habari zikaenea. Leo mahali hapo, pajulikanapo kwa jina la Stingray City, pamoja na fungu la mchanga lililo jirani ambapo maji humfika mtu mzima kiunoni, ni miongoni mwa ziara mashuhuri kabisa kwa abiria wa meli. Mgeni husimama majini akiwa na kipande cha ngisi mkononi, na taa mwenye upana wa zaidi ya mita moja huja akampanda kifuani.

Ili tuelewe maana ya tendo hilo, hatuna budi kujua jinsi taa wa jamii hiyo, aitwaye kitaalamu Hypanus americanus, anavyoishi pasipo watu. Macho yake yako juu ya mwili na kinywa kiko chini, kwa hiyo hakioni kile anachokila. Hukitafuta kwa harufu, na kwa viungo vya hisi vinavyotambua umeme hafifu unaotoka katika miili ya viumbe wengine. Hula kaa, kamba, minyoo na samaki wadogo waliojificha mchangani. Huwinda zaidi usiku, na kwa kawaida huwinda peke yake.

Mwaka 2013 Mark Corcoran na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao. Waliwafunga taa vyombo vidogo vinavyotoa mlio, wakaweka chini ya bahari vyombo vingine vya kuipokea milio hiyo, na hivyo wakaweza kuwafuatia mchana na usiku. Taa wasiolishwa na watu walizunguka sana usiku, na katika eneo kubwa. Taa wa mahali pa watalii walifanya kinyume: walishughulika mchana na kutulia usiku, na eneo lao lilikuwa dogo. Zaidi ya hayo, walionekana wakipandana na kubeba mimba katika majira yote ya mwaka. Mnyama wa usiku alikuwa amegeuzwa kuwa mnyama wa mchana, kwa sababu mchana ndipo boti zinapofika. Katika lugha ya makala haya, saa ya meli ilikuwa imechukua nafasi ya saa ya mnyama.

Hata kabla ya hapo, Christina Semeniuk na wenzake walikuwa wamelinganisha taa wa mahali hapo na taa wa sehemu zisizotembelewa. Waliona kwamba wale wanaolishwa walikuwa na majeraha mengi zaidi ya kugongwa na vyombo na ya kuumwa na wenzao, na vimelea wengi zaidi. Vipimo vya damu navyo vilionyesha dalili za afya iliyopungua. Sababu yake si vigumu kuifahamu. Mnyama aliyezoea kuishi peke yake, akikusanywa na wenzake wengi mahali padogo, huambukizwa na kugombana. Akipewa chakula cha aina moja kila siku, hukosa vile ambavyo angevipata kwa kutafuta mwenyewe. Na ule ute unaofunika ngozi yake, ambao humkinga na vijidudu, unaweza kufutika anaposhikwashikwa mno.

Ni haki kuongeza kwamba serikali ya visiwa hivyo haikukaa kimya. Imetenga eneo maalumu, imekataza kuwavua taa wa hapo, na imekataza kuwatoa majini kwa ajili ya picha. Hizo ni hatua njema. Lakini hazirudishi usiku wa mnyama aliyekwisha kuzoea kulishwa mchana. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoenea duniani, safari za meli za watalii zilisimama. Yatosha mwanafunzi ajiulize: mnyama aliyezoeshwa ratiba ya meli afanye nini siku ambayo meli haiji?

Pomboo wa Kizimkazi

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani kwamba jambo hili ni la visiwa vya mbali tu. Katika pwani ya kusini ya Unguja, kwenye maji ya Kizimkazi, wanaishi pomboo wa jamii mbili, nao wamekuwa wakitembelewa na watalii tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Wageni wengi hutoka katika mahoteli, na wengine katika meli zinazotia nanga Zanzibar. Tofauti iliyopo ni kwamba hapa mnyama halishwi. Anafuatwa. Boti za mashine hutoka asubuhi kumtafuta, na zikimwona hukimbilia mbele yake ili wageni waruke majini kabla hajapita.

Wengi husema kwamba pomboo hufurahia, maana uso wake unatabasamu. Huo ni udanganyifu wa macho. Mkunjo wa kinywa chake ni umbo la taya, nao hubaki vivyo hivyo awe mzima au mgonjwa, awe ametulia au ana hofu. Anayetaka kujua hali ya pomboo hana budi kutazama matendo yake.

Watafiti Fredrik Christiansen, David Lusseau, Eva Stensland na Per Berggren walifanya hivyo Kizimkazi mwanzoni mwa mwaka 2008. Waliandika kila mara kundi la pomboo lilikuwa likifanya nini, na kama boti za watalii zilikuwapo au hazikuwapo. Boti zilipokuwapo, muda wa kupumzika na wa kuchangamana ulipungua, na muda wa kusafiri uliongezeka zaidi ya mara mbili. Uchunguzi mwingine wa pwani hiyohiyo, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba wingi wa boti na waogeleaji huwabadilisha mienendo hata pomboo majike wenye watoto.

Matokeo hayo ni mazito kuliko yanavyosikika. Pomboo huvuta hewa kama sisi, wala hawezi kulala fofofo kama mtu alalavyo. Hupumzisha nusu moja ya ubongo kwa zamu, huku akiogelea polepole na kupanda juu kuvuta pumzi. Akisumbuliwa kila anapotulia, hana kitanda cha kurudia. Jike huzaa mtoto mmoja baada ya mimba ya takriban mwaka mmoja, na humnyonyesha kwa muda mrefu zaidi ya huo. Kwa hiyo kundi dogo likianza kupungua, haliwezi kujijaza upesi.

Ipo pia njia ya tatu ya kumweka mnyama karibu na mgeni, nayo ni uzio. Katika bandari kadhaa za Karibi abiria hupelekwa kwenye mabwawa ambamo pomboo wamefungiwa na kufunzwa. Hapo saa ya mnyama haipo kabisa, maana hawezi hata kuondoka. Kwa chambo, kwa kufukuzwa, au kwa uzio: njia zote tatu huleta ukaribu, lakini hakuna hata moja inayothibitisha urafiki.

Wenyeji wawili

Wahenga wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika jambo hili wapo wenyeji wawili, na haifai kumponya mmoja kwa kumwumiza mwingine.

Mwenyeji wa kwanza ni mkazi wa pwani. Hadi mwaka 1996 pomboo wa Kizimkazi walikuwa wakiwindwa, na nyama yao kutumika kama chambo cha kuvulia papa. Utalii uliwapa thamani wakiwa hai. Mwenye boti anayesomesha watoto wake kwa fedha za wageni ana hoja yenye nguvu, na mwanasayansi anayemwambia aache kazi bila kumwonyesha nyingine hastahili kusikilizwa. Tena si yeye aliyeipanga ratiba. Mgeni amelipa, ana saa tatu tu, amewaahidi watoto wake kwamba watamgusa pomboo, na kwa fadhila ndogo atakayomwachia nahodha humhimiza azidi kusogea. Nahodha akikataa, boti ya jirani itakubali.

Mwenyeji wa pili ni pomboo mwenyewe, ambaye hana wa kumsemea ila takwimu.

Kwa maoni yangu njia ya kuwaponya wote wawili ipo, wala si ya siri. Boti zinazolizunguka kundi moja ziwe chache, na muda wa kukaa nalo uwe na kikomo. Kundi lililopumzika, na jike mwenye mtoto, waachwe. Wageni wasiangushwe mbele ya njia ya wanyama. Wateremke kando, na pomboo akitaka atawajia mwenyewe. Itengwe sehemu ya kila siku ambayo hakuna boti itakayokwenda. Mahali ambapo kulisha hakujaanza, kusianze kamwe. Ghuba ya Menai, ambayo Kizimkazi imo ndani yake, ni hifadhi tangu mwaka 1997; msingi wa kisheria upo, na kinachohitajika ni utiifu.

Masharti hayo yatapunguza idadi ya wageni kwa siku. Pengo hilo lisizibwe na mwenye boti. Lizibwe na mgeni, kwa kulipa zaidi kwa ziara iliyo bora, na wenye meli na mahoteli wakome kutangaza ahadi ya kumgusa mnyama. Mzazi aliyeahidiwa kuona tu, akaona, hurudi ameridhika. Mzazi aliyeahidiwa kugusa, asipogusa, hudai fedha zake. Basi marekebisho yaanzie katika karatasi ya matangazo, kabla hayajafika baharini.

Kazi kwa walimu na wanafunzi

Shule isiyo karibu na bahari inaweza kuufanya uchunguzi wa aina hii bila gharama. Chagueni kuku watano wa jirani, au mbuzi wa shule. Chora jedwali lenye safu nne: kula, kupumzika, kutembea, na mengineyo. Kila baada ya dakika tano, kwa muda wa saa mbili, andikeni kila mnyama anafanya nini. Siku ya pili rudieni kwa saa zilezile, lakini safari hii wanafunzi kumi wawazunguke wanyama hao kwa karibu, bila kuwadhuru. Linganisheni asilimia za siku zote mbili. Siku ya tatu tupeni mahindi saa nne kamili, na mwendelee hivyo kwa wiki moja. Kisha mwone kuku watakuwa wapi saa nne ya siku inayofuata, kabla hakijatupwa chochote.

Mwanafunzi aliyeifanya kazi hiyo ameushika msingi wa njia waliyotumia watafiti wa Kizimkazi, na ameelewa kilichowapata taa wa Grand Cayman. Atakuwa pia amejifunza jambo ambalo macho peke yake hayafundishi: kwamba madhara makubwa yaweza kuwapo pasipo damu wala kilio, katika usingizi uliokatizwa na katika usiku uliogeuzwa mchana.

Miongoni mwa wanafunzi wanaosoma makala haya watatoka manahodha, waongozaji wa watalii, maofisa wa hifadhi na watunga sheria. Siku watakapoombwa na mgeni wasogee karibu zaidi, wamtazame kwanza mnyama anafanya nini, kisha ndipo waitazame saa.