Mama anakula wa mwisho: mpaka lini?

Katika nyumba nyingi za Lubumbashi, saa ya kula inaendeshwa namna moja. Baba anapewa kipande kikubwa cha samaki, watoto wanagawanyiwa vingine, na mama anabakia na mchuzi. Ukimuuliza, anajibu: «Mimi nimeshiba, kuleni tu.» Sisi wote tumekomaa juu ya ule uongo. Tulikuwa watoto, hatukujua. Leo tuko watu wazima, na mama zetu wamefika miaka 45, 50, 55. Ni juu yao tunaandika leo.

Katika ile miaka mwili wa mwanamuke unageuka. Wengi wanaacha kuona mwezi kati ya miaka 45 na 55. Kisha hapo mifupa inapoteza nguvu haraka, nyama ya mwili inapunguka, mafuta yanajikusanya tumboni, na tansio inapenda kupanda. Mwili hauombi tena kilima cha bukari. Unaomba samaki, maharagi, karanga, lenga-lenga, matunda. Kumbe sisi tunafanya kinyume.

Tuangalie mama mwenye kuuzisha sokoni. Asubui ni chai yenye sukari mingi na mandazi mbili. Muchana hakuna kitu. Mangaribi, akiisha kuchoka, anakula bukari kubwa na sombe ya chumvi, kisha analala. Sasa tuangalie mwenzake, ule ambaye watoto wamepata kazi. Yeye heshima yake ni sukre. Wageni wakifika, sukre. Kwenye ndoa, sukre. Hata kwenye kilio, sukre. Akinenepa tunasifu: «Maisha imemukubali.» Miguu ikivimba na kichwa kikizunguka, tunasema ni uzee, wengine wanatafuta mulozi. Hakuna anayemupeleka kupima tansio wala sukari. Siku anaanguka, mukono na muguu wa upande moja vinakufa, ndipo jamaa yote inaanza kuchanga feza. Ile feza ingenunua ndagala ya miaka mingi.

Hatusemi juu ya chakula cha matajiri. Ndagala inaliwa nzima, na mifupa yake. Ndiyo maana inasaidia mifupa ya mama kuliko kipande cha nyama. Maharagi na karanga ziko katika kila soko. Juu ya chumvi, OMS inaomba mutu mukubwa asipitishe gramu 5 kwa siku, ni kusema kijiko kimoja kidogo. Na tusijidanganye: Maggi tunayotia mu sombe nayo ni chumvi, makayabo vilevile. Makayabo sherti ilale mu maji, na yale maji yamwagwe, mbele ya kupika.

Lakini tusiwatupie wamama muzigo wote. Mwanamuke mwenye mimba iko na siku yake ya kupimwa. Mutoto muchanga iko na siku yake ya kuwekwa kwenye kilo. Tangu 2023 Serikali imeanzisha mupango wa kuzalisha bure, kwa kuanzia Kinshasa, na sisi tuliusifu. Lakini mama akiisha kuzaa wa mwisho, nani anamuita tena? Mara nyingi ndiye anabeba mujukuu mpaka kwenye kilo, anangojea saa mingi kwenye banki, na anarudia nyumbani bila mutu kumufunga hata kile kitambaa cha tansio kwenye mukono. Kupima tansio ni kazi ya dakika chache. Tunaomba wakubwa wa afya ya jimbo: siku ya kupima watoto, wapime na nyanya zao.

Na sisi wanaume, na watoto, kazi yetu haingojee Serikali. Kesho mezani, kipande cha kwanza cha samaki kiwe cha mama. Ukienda kumusalimia, acha sukre, mupelekee maharagi, mapapai ao kopo la ndagala. Na akisema «nimeshiba», musimuitike. Tunamujua.