Acheni Kumsingizia Marehemu Lucas

Kaa na wapenda pikipiki za zamani hapa Birmingham, mji ninaoishi, na kabla chai haijapoa utausikia utani ule ule. Kwa nini Waingereza hunywa bia vuguvugu? Kwa sababu friji zao zimetengenezwa na Lucas. Swichi ya Lucas ina hatua ngapi? Tatu: mwanga hafifu, kupepesa, na giza. Kisha mmoja atamtaja marehemu kwa cheo alichobandikwa dunia nzima: Joseph Lucas, Mkuu wa Giza. Watu watacheka. Mimi nimechoka kucheka.

Nimechoka kwa sababu huu si utani tu. Ni hukumu, na imemwangukia asiyehusika. Kampuni ya Lucas ndiyo iliyotengeneza vifaa vya umeme vya pikipiki nyingi za Kiingereza za enzi zile: Triumph, BSA, Norton. Pikipiki ikizima njiani usiku, wa kulaumiwa yuko tayari na hawezi kujitetea. Mwenye pikipiki hana tena sababu ya kuvua tangi na kutafuta. Utani umempa ruhusa ya kutofuata waya.

Tuanze na marehemu mwenyewe. Joseph Lucas aliuza mafuta ya taa, akaingia kwenye utengenezaji wa taa za mafuta, akafariki mwaka 1902, kabla taa za umeme hazijawa kitu cha kawaida kwenye pikipiki. Hakuwahi kuiona alteneta ya Triumph. Tunapomcheka, tunaowacheka hasa ni wafanyakazi wa viwanda vya mji huu, wanawake kwa wanaume, waliozikata nyaya hizo na kuzifunga.

Sasa tuingie gereji. Mwaka jana nilinunua Triumph ya cc 650 iliyotoka kiwanda cha Meriden mwaka 1968. Aliyeniuzia alipunguza bei mwenyewe kabla sijafungua mdomo. "Umeme wake ni Lucas," alisema, "unajua tena." Nilizitoa nyaya zote nikazitandaza mezani. Kulikuwa na waya wa spika ya redio uliopelekwa taa ya nyuma. Kulikuwa na viungio saba vya plastiki, vile vya kubana kwa koleo vinavyotoboa ganda la waya na kuacha shaba wazi kwa mvua. Kulikuwa na fyuzi iliyozungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotoka Lucas. Nyaya za kiwandani zilizobaki zilikuwa zimekakamaa, na shaba yake imeiva weusi kwenye ncha. Lakini zilikuwa na zaidi ya miaka 50. Nionyesheni chaja ya simu itakayofika huko.

Ugonjwa mkubwa zaidi haukuonekana mezani, kwa sababu ulikuwa kwenye fremu. Kwenye pikipiki hizi umeme hutoka kwenye betri kwa waya, lakini sehemu kubwa ya safari ya kurudi hupitia kwenye chuma chenyewe. Mafundi wa kwetu huiita ethi. Taa ya mbele hurudisha umeme wake kupitia shokapu za mbele, halafu beringi za usukani zilizojaa grisi, ndipo ufike kwenye fremu. Injini yenye pistoni mbili zinazopanda na kushuka pamoja hutetemesha njia hiyo yote, na kila bolti iliyolegea inaikata. Kisha anakuja mwenye pikipiki anayetaka ing'ae. Anaipeleka fremu ikapakwe rangi ya unga inayookwa kwenye tanuri. Rangi hiyo ni nzuri, ngumu, na haipitishi umeme. Anafunga kila kitu juu yake bila kukwangua hata sehemu moja, taa zinafifia, naye anamtaja Mkuu wa Giza. Giza amelinunua mwenyewe, tena kwa risiti.

Hesabu yake si ngumu. Pikipiki za zamani zaidi zilitumia volti 6. Balbu ya wati 30 kwenye volti 6 huvuta ampea 5. Kiungio kibovu kikila volti moja tu njiani, balbu inabakiwa na 5, na mwanga wake unashuka hadi karibu nusu. Balbu ni nzima, swichi ni nzima, betri ni nzima. Kilichooza ni kiungio kisichozidi ukubwa wa punje ya mahindi.

Chukua na fyuzi. Fyuzi ya kioo ya Lucas iliyoandikwa 35 hukatika kwenye ampea 35, lakini ilikusudiwa kubeba karibu 17 mfululizo. Fyuzi ya kisasa iliyoandikwa 35 hubeba 35 zenyewe. Waya wa milimita mraba 2, unaofaa kwa ampea 17 hivi, ukipata shoti nyuma ya fyuzi hiyo mpya, unaweza kuungua wa kwanza, chini ya tangi la petroli. Aliyeweka namba ile ile bila kusoma maana yake anaweza kuchoma pikipiki na mguu wake.

Au chukua rangi. Kwenye Triumph yangu upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye fremu, kinyume na magari ya leo, kwa hiyo nyaya za ethi ni nyekundu. Aliyezoea kwamba nyekundu ndiyo yenye moto huunganisha kinyumenyume, huua rektifaya, halafu hucheka utani ule na wenzake. Mpangilio wa rangi upo wazi: nyeupe hutoka kwenye swichi ya kuwashia, buluu yenye mstari mweupe ni taa kali, buluu yenye mstari mwekundu ni taa ya chini. Fundi wa Meriden aliuandika mfumo wake kwa rangi ili fundi wa miaka 50 baadaye aweze kuusoma. Anayeunga kila kitu kwa waya mweusi amechana barua hiyo.

Sisemi Lucas walikuwa malaika. Mfumo wao wa volti 6 uliozidisha au kupunguza chaji kwa kufuata swichi ya taa ulikuwa wa kubahatisha. Walipohamia volti 12, umeme uliozidi waliuchoma uwe joto kupitia kifaa kimoja kilichoshikizwa kwenye kipande cha alumini ili kipozwe na upepo. Ilikuwa njia rahisi. Lakini viwanda vya pikipiki ndivyo vilivyokuwa wateja, na vilitaka rahisi. Mwaka 1969 Honda walileta CB750 yenye kiwashio cha umeme, huku Triumph 650 ikiendelea kupigwa teke. Miaka minne baadaye BSA ilikuwa imeanguka, na wafanyakazi wa Meriden walikuwa wamekalia kiwanda chao kisifungwe. Maamuzi hayo yalifanyikia kwenye vyumba vya wakurugenzi. Utani umewaacha wakurugenzi wapite, ukawabandika aibu watu waliokuwa wakishika koleo. Watoto wa watu hao ni majirani zangu, na bado wanachekewa.

Kazi yenyewe ya kufunga nyaya upya inamhitaji mtu mvumilivu kuliko mtu mwenye akili nyingi. Nilitumia waya wa milimita mraba 1 kwa taa ndogo na wa 2 kwa njia kuu. Kila taa niliipa waya wake mwekundu wa kurudi hadi betri, isitegemee grisi ya beringi. Kila ncha niliitia solda, na kila njia niliipima kwa tesa kabla ya kufunga betri. Rektifaya niliweka ya kisasa, kwa sababu sina ugomvi na vitu vipya. Ugomvi wangu ni na yule anayenunua kifaa kipya cha bei mbaya, akakichomeka kwenye kiungio kilekile kilichooza, akasema sasa ameitibu Lucas.

Msidhani haya ni ya Waingereza peke yao. Sisi tuna Mkuu wetu wa Giza, tumempa jina "Mchina". Bodaboda ikizima, tunasema ni ya Kichina. Hatusemi kwamba waya wa taa yake ulikatwa ili kuchomekea redio, taa tano za urembo na chaja ya abiria, vyote kwa mkanda wa selotepu. Fundi wa kijiweni anayekaa nusu siku akiufuata waya huo kwa balbu ya kupimia tunamlipa kwa kunung'unika. Hapa Birmingham anayefanya kazi ileile kwenye Triumph anaitwa bingwa, na ana foleni. Nasi wenye shahada tunajua kutamka neno mfumo katika kila mjadala, ila wachache tumewahi kuufuata mmoja kutoka chanya hadi hasi.

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Hawakusema hukatikia kwa Lucas, wala kwa Mchina. Na pabovu hapajulikani kwa kucheka. Hujulikana kwa kuipitisha kamba yote mkononi, tangu mwanzo hadi mwisho. Anayekataa kufanya hivyo na aendeshe gizani, lakini amwache marehemu apumzike.