Safari ya Turkwel na Neno la Mwenyeji

Ratiba ya safari ya Chama cha Jiografia imekwisha kubandikwa ubaoni, na kila aliyeisoma amefurahi. Katika siku nne za likizo ndogo ya Februari tutalala Kitale, tutaona makumbusho ya Kapenguria, tutateremka kwenye magenge ya Marich, tutafika bwawa la Turkwel, kisha Lodwar, kisha Kalokol kwenye Ziwa Turkana, halafu turudi. Mimi ni mwanachama, na nchi ile natamani kuiona. Lakini ratiba hiyo siiungi mkono, na naomba nafasi katika gazeti letu niseme kwa nini.

Kwanza tuhesabu njia. Kutoka shuleni mpaka Kitale ni saa sita za basi, na kutoka Kitale mpaka Lodwar ni kama kilomita 300. Basi la shule haliruhusiwi kusafiri usiku. Ukizigawa saa za mchana kwa vituo vyote vile, utaona kuwa Turkwel tumepewa saa moja na nusu tu. Mto ule hushuka kutoka Mlima Elgon, na huko juu watu huuita Suam. Umekata mwamba hata pakapatikana mahali pembamba pa kujenga ukuta wa zege wenye kimo cha mita 153, uliokamilika mwaka 1991. Mambo ya mmomonyoko wa ardhi, ya umeme wa maji na ya nchi kavu, ambayo tumeyakariri vitabuni tangu Kidato cha Kwanza, yote yako pale mbele ya macho. Hayasomeki huku dereva akipiga honi.

Lakini jambo zito kuliko saa ni maji. Watu hudhani kuwa hatari ya nchi kavu ni kiu peke yake. Kiu yaweza kupigiwa hesabu: tukiwa watu 45, na kila mmoja akipata lita tano, ni lita 225 kwa siku, na mitungi ya kutosha iko stoo. Maji yasiyopigiwa hesabu ni yale yanayokuja yenyewe. Lodwar hupata mvua ya milimita 200 hivi kwa mwaka mzima, na mito mingi ya kule ni mchanga mtupu. Watu wa kaskazini huiita laga. Mvua ikinyesha milimani, laga iliyokuwa kavu asubuhi yaweza kujaa mchana, na wewe uliyesimama ndani yake hujaona hata wingu moja. Korongo ni baya zaidi, maana kuta zake hazina pa kupandia.

Haya si maneno ya kutishana. Tarehe 12 Agosti 1997, katika korongo jembamba la Antelope kule Arizona, Marekani, watalii 11 walikufa kwa mafuriko ya mvua iliyonyesha mbali nao. Hapa kwetu Kenya, Septemba 2019, watu saba walizolewa na maji katika korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha. Na Novemba 23 mwaka huohuo maporomoko ya ardhi yaliua makumi ya watu Pokot Magharibi na kuharibu madaraja ya njia hiyohiyo tunayotaka kuipita.

Wako wenzetu wasemao kwamba safari iahirishwe mpaka Agosti, maana likizo ni ndefu na vituo vyote vitatosha. Hao wametazama kalenda ya shule, hawakutazama ya mvua. Agosti Turkana yaweza kuwa kavu kabisa, lakini Kitale na milima ya Cherangani hunyeshewa sana mwezi huo, na maji ya huko ndiyo yashukayo Marich. Aprili ni masika, na Novemba tumekwisha kuiona. Februari ndiyo afadhali, hata kama ni fupi.

Wengine wanataka kufuta ujira wa mwongozaji, wakisema kuwa barabara ni moja na simu zina ramani. Ramani hukuonyesha laga ilipo. Haikuambii kama jana jioni kulinyesha Cherangani. Lakini nami sisemi mwongozaji ni hirizi. Kule Hell's Gate mwongozaji mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokufa. Mtu aliye chini korongoni haoni ya juu, hata angekuwa amezaliwa pale. Kwa hiyo yapasa tuwe na mwenyeji wa Marich, naye kila alfajiri awapigie simu watu wa milimani kuuliza habari za mvua, na akisema leo hatuteremki, basi hatuteremki, wala pasiwe na mwalimu au kiranja wa kubishana naye. Neno hilo liandikwe katika ratiba kabla ya safari, kwa sababu siku yenyewe, vijana arobaini wakiwa wamekwisha kuvaa viatu, si rahisi mgeni mmoja kusema hapana.

Tena kuna habari ya usalama, ambayo wazazi watauliza na wana haki. Februari 2023 serikali ilipeleka jeshi katika kaunti sita za kaskazini, Pokot Magharibi na Turkana zikiwamo, kwa ajili ya wezi wa mifugo wenye silaha. Mkuu wa Shule awaulize polisi wa kule kwanza, na jibu lao lisomwe mbele ya wazazi kabla ya mtu yeyote kulipa.

Basi rai yangu ni kwamba tuache Lodwar na ziwa. Najua maneno haya yatanipunguzia marafiki, kwani nusu ya bweni letu wamekwisha kununua kaptura za kuogelea. Siku ya kwanza tulale Kitale. Ya pili Kapenguria asubuhi, na Marich kabla ya jua kuwa kali. Ya tatu yote iwe ya Turkwel, kwa ruhusa ya wenye bwawa iliyoombwa mapema kwa barua. Ya nne turudi. Pesa za mafuta zitakazobaki zamtosha mwenyeji wetu, na ujira wake ulipwe hata siku atakayotuzuia kuteremka. Mkutano wa Chama ni Ijumaa baada ya michezo, nami nitaomba kura ipigwe.