Imani ielezwe pia kwa mdomo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu Wakristo wenzangu wanaodai kuwa matendo mema yanatosha, hakuna haja ya kumtaja Kristo.

Matendo ni lazima. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo, mkoa wetu huu huu wa Pwani, mwaka 1868, waliwakomboa watumwa, wakawapa mashamba na shule. Lakini walifundisha dini pia. Askofu Edward Steere naye alijifunza Kiswahili huko Unguja, akachapisha kitabu cha kujifunzia lugha hiyo mwaka 1870, kisha akaongoza kazi ya kufasiri Agano Jipya. Kama matendo yangetosha, asingejisumbua hivyo.

Hapa Vihingo Wakristo na Waislamu huchangiana misibani. Nikitenda wema, watu watasema mwalimu ni mtu mwema, basi. Sifa zitabaki kwangu. Nisiposema, watajuaje ni nani aliyenituma?

Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema kazi ya kutangaza dini ni huru, tena ni hiari ya mtu binafsi. Hiari hiyo msikilizaji naye anayo. Kwa hiyo tusikashifu dini ya mwenzetu, tusimhubirie mtoto wake darasani, wala tusimvute mwenye njaa kwa sahani ya chakula. Tuseme kwa adabu. Tukikataliwa, tubaki majirani.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Vihingo, Pwani.