Haki ya Aliyegongwa Haimalizwi Kando ya Lami

KWA: Wanachama wote, chama chetu cha waendesha baiskeli, EPZ Athi River
KUTOKA: Katibu
MINT: Msaada wa kisheria na fidia kwa mwanachama aliyegongwa barabarani

Ndugu na dada wanachama,

Kila alfajiri tunatoka Kitengela, Mlolongo, Sabaki na Athi River mjini tukielekea langoni kwa baiskeli. Barabara ya Namanga na ile ya Mombasa tunazigawana na malori ya saruji, matrela ya mpakani, matatu zinazokimbizana na boda boda. Nchini mwetu Kenya watu zaidi ya 4,000 hufa barabarani kila mwaka, na wanaojeruhiwa ni wengi zaidi ya hao. Kwa hiyo sitawaeleza hatari ya barabara, kwa kuwa mnaiona wenyewe. Nawaandikia kuhusu yale yanayofuata baada ya mwenzetu kuanguka.

Neno langu ni hili: fidia hupatikana au hupotea katika siku chache za mwanzo, na aliyelazwa hospitalini hawezi kuzisimamia siku hizo peke yake. Sisi wenzake ndio tunaopaswa kuzisimamia kwa niaba yake.

Mmoja wetu, fundi wa kushona, aligongwa na trela jioni akirudi nyumbani. Dereva alishuka, akamwinua, akampa noti chache za dawa na nambari ya simu, akamwomba wayamalize hapo hapo. Waliokuwa karibu walimwona dereva ni mtu mwema, wakamwacha aende. Usiku ule mguu ulivimba, na picha ya eksirei ikaonyesha mfupa umevunjika. Simu ya dereva haikupatikana tena. Shahidi mmoja alikuwa ameandika nambari ya gari, lakini aliandika ile ya nyuma tu, ya trela. Baiskeli nayo ilipelekwa kwa fundi wiki ile ile, rimu ikanyooshwa na fremu ikachomelewa. Mwenzetu alipoweza kufika kituoni kwa magongo, hakuna aliyekuwa ameripoti ajali ile. Tulimchangia, na mchango wetu ulikuwa wa upendo, lakini haukufika hata robo ya alichopoteza.

Hayo yasitokee tena. Haya ndiyo ya kufanya.

Siku ya ajali

Uhai kwanza. Mfikisheni majeruhi hospitalini, na mjue kwamba Katiba, Kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Wakati wengine wanamhudumia, mmoja wenu abaki na kazi moja tu: kuandika. Aandike nambari ya gari. Kama ni trela, aandike nambari mbili, kwa sababu kichwa kina nambari yake inayoanza na herufi K na trela lina yake inayoanza na Z, na wamiliki wake wanaweza kuwa watu wawili tofauti. Apige picha za gari, baiskeli, alama za breki na mahali penyewe kabla vitu havijaondolewa. Achukue majina na simu za mashahidi wawili au watatu, hata kama ni mama wa mboga aliyekuwa kando.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamlazimu dereva asimame, atoe jina na anwani yake na ya mwenye gari, na aripoti kwa polisi ndani ya saa 24. Msikubali maneno ya "tumalizane hapa." Noti za dawa hazilipi mguu uliovunjika, na maumivu ya kichwa au mgongo mara nyingi hujitokeza siku ya pili. Baiskeli isiguswe na fundi mpaka polisi waikague na picha zipigwe.

Ripotini kwenye kituo kinachosimamia mahali ajali ilipotokea: Athi River, Mlolongo, au Kitengela ikiwa ni upande wa Kajiado. Majeruhi akiwa amelazwa, mwenzake anaweza kwenda kuripoti. Msiondoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Baadaye mtaomba abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wa ripoti ya ajali, na hapo nawasihi muwe makini. Isomeni mkiwa bado mbele ya kaunta. Jina la mwenzenu limeandikwa sawasawa na lilivyo kwenye kitambulisho? Nambari ya gari ni sahihi? Jina la kampuni ya bima na nambari ya sera ya bima zimejazwa, au nafasi imeachwa tupu? Nafasi hiyo moja ikiachwa tupu, mtazunguka miezi mkiitafuta bima. Ikibidi, rekodi za mwenye gari huombwa kwa mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, kwa kulipa ada.

Makaratasi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mahakamani fedha mlizotumia zinaitwa hasara maalum, na kanuni yake haina huruma: lazima kila shilingi itajwe kwenye madai na ithibitishwe. Hakimu anaweza kuamini kabisa kwamba mlinunua dawa na bado asiwape hata senti kwa kukosa risiti.

Kwa hiyo tengeni bahasha moja. Ndani mwake wekeni kadi na maelezo ya matibabu ya siku ya kwanza, eksirei, barua ya kutoka hospitalini, risiti za dawa, magongo na nauli, ujumbe wa M-Pesa wa kila malipo, na hati za mshahara za miezi ya karibuni. Hizo hati za mshahara ni silaha ambayo mtu wa kibarua hana. Mahakama humkadiria asiye na ushahidi wa kipato kwa kiwango cha chini cha mshahara, lakini wewe wa kiwandani unaweza kuonyesha ulichokuwa ukilipwa hasa, ovataimu ikiwemo.

Mwambieni daktari kila mahali panapouma. Jeraha lisiloandikwa siku ya kwanza, upande wa pili utadai halikutokana na ajali. Fomu ya P3, ya kuthibitisha majeraha, hutolewa na polisi, hujazwa na daktari, na fomu yenyewe haiuzwi. Kisha tunzeni hati asili zote na mpeane nakala tu.

Nani hulipa

Wengi wetu huamini kwamba dereva akishtakiwa na kutozwa faini, mambo yamekwisha. Sivyo. Kesi ya trafiki ni kati ya Serikali na dereva, na faini huingia Serikalini. Majeruhi hapati hata shilingi. Fidia hudaiwa katika kesi nyingine, ya madai, dhidi ya dereva na mwenye gari. Hata hivyo fuatilieni kesi ya trafiki mpaka hukumu itoke, kwa sababu dereva akipatikana na hatia, hukumu hiyo ni ushahidi mzito kwenu.

Kila gari linalotembea barabarani linatakiwa kisheria kuwa na bima inayowalinda watu wengine, chini ya sheria ya bima ya magari, Sura ya 405. Mahakama ikitoa hukumu dhidi ya mwenye gari, kampuni yake ya bima hulazimika kulipa, mradi iliarifiwa kuhusu kesi kwa wakati. Wakili asisahau notisi hiyo. Kikomo cha bima ni shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, na kinachozidi kinabaki mzigo wa mwenye gari.

Lakini mahakama hupima makosa ya pande zote. Tuseme imekadiria fidia ya shilingi 600,000, kisha ikaona mwendesha baiskeli alichangia ajali kwa asilimia 30 kwa kuwa gizani hakuwa na taa. Atapewa 420,000. Hizo 180,000 zimepotea kwa ajili ya taa ya bei ndogo dukani. Ndiyo maana nasisitiza taa nyeupe mbele, kiakisi chekundu nyuma, breki zinazoshika, na fulana ya kuakisi. Kwanza vinaokoa maisha, kisha vinaokoa haki.

Muda hausubiri

Kesi ya majeraha lazima ifunguliwe ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali. Ikiwa gari ni la Serikali, muda ni miezi 12 tu. Mwenzetu akifariki, mume au mke, watoto na wazazi wake wana haki ya kudai, nao wana miaka 3 tangu kifo. Familia nyingi huzika, hurudi kijijini, na hazijui kwamba zilikuwa na haki hiyo. Tusiiache familia yoyote ya mwenzetu iondoke Athi River bila kuelezwa.

Kuhusu kiwanda

Mnauliza kila mara kama mwajiri anapaswa kulipa. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007 humlinda aliyeumia akiwa kazini, aliyetumwa na mwajiri, au aliyekuwa ndani ya gari lililotolewa na mwajiri kumleta au kumrudisha. Anayekuja kazini kwa baiskeli yake mwenyewe, kwa kawaida haimhusu, na madai yake yako kwa mwenye gari. Ila ukitumwa na supavaiza nje ya lango ukagongwa, mjulishe mwajiri mara moja, naye ana siku 7 za kuripoti kwa idara ya usalama na afya kazini. Madai hayo yawasilishwe ndani ya miezi 12.

Kwa vyovyote vile, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo ruhusa ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka. Mkataba wa chama cha wafanyakazi unaweza kuwa na zaidi, kwa hiyo muulizeni mwakilishi wenu. Pelekeni cheti cha daktari mapema. Asiwepo wa kuacha kazi kwa hofu ya kufutwa kabla ya kupata ushauri.

Mawakili na madalali

Hili naomba mlisome mara mbili. Majeruhi akiwa bado wodini, atajitokeza mtu nadhifu mwenye fomu mkononi, akisema ametumwa na wakili na kwamba hutalipa chochote, watakata asilimia fedha zikitoka. Kutafutia mawakili kazi kwa namna hiyo ni kosa kisheria. Na Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46, haitambui mapatano ya wakili kulipwa pale tu kesi inaposhinda. Usitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi usiyoielewa. Usitoe kitambulisho wala hati asili kwa dalali.

Wakili halali amesajiliwa, na jina lake unaweza kulithibitisha kwa Chama cha Mawakili cha Kenya, LSK. Mwambie akuandikie ada yake, akupe risiti, na akupe nakala ya kila hati ya mahakama. Fidia ikilipwa, ana wajibu wa kukuonyesha hesabu yake yote. Akikuficha, Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili ipo kwa kazi hiyo.

Asiye na uwezo asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria kwa wasiojiweza, na Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa 1973, kinahudumia maskini kutoka Nairobi hadi leo. Mahakama yetu ya karibu ni ya Mavoko. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 nayo imetaja fidia ya majeraha kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1, kwa hiyo muulizeni wakili ni wapi panapofaa kufungulia kesi yenu.

Kampuni ya bima ikitaka mpatane nje ya mahakama, si vibaya, na mara nyingi huharakisha malipo. Lakini ukishatia sahihi hati ya kuachilia madai, umefunga mlango. Usisaini kabla daktari hajasema jeraha limefikia wapi na kama kuna upasuaji mwingine mbele, hata wa kutoa vyuma tu.

Tunachotakiwa kufanya sasa

Mchango wa harambee hatutauacha. Lakini pamoja na mchango, nataka kila kiwanda chenye wanachama kitoe watu wawili wa kuandamana na majeruhi. Kazi yao itakuwa kufika kituoni, kuhakikisha abstrakti imejazwa, kutunza bahasha, na kumsindikiza mwenzao kwa wakili halali. Wawe watu wenye subira na wanaosoma vizuri, wanawake kwa wanaume. Ada ya wakili wa ushauri wa mwanzo nitaomba mkutano uidhinishe itoke kwenye mfuko wetu.

Pili, kila mwanachama ahifadhi kwenye simu yake nambari za watu hao wawili na za ndugu mmoja wa nyumbani. Tatu, asiyekuwa na taa aniambie bila aibu, tununue kwa pamoja na akatwe kidogo kidogo.

Wenzangu, mashine hazisimami kwa sababu mmoja wetu amevunjika mguu. Kiti chake hukaliwa na mwingine kesho yake. Anayebaki kumtetea ni wewe uliyekuwa ukipiga naye pedali. Ukimwona mwenzako ameanguka, simama, andika nambari za gari, na uende kuripoti siku hiyo hiyo. Leteni majina ya wawakilishi wa viwanda vyenu kabla ya mkutano ujao, na waraka huu msomeeni kila asiyeweza kuusoma.

Wenu katika utumishi,
Katibu